Balozi na Mamlaka Kamili: Maana na Matumizi

Neno balozi limezoeleka mno Kigoma, na mazoea hayo yameififisha maana yake. Mkazi wa Ujiji aliyegombana na jirani huambiwa aende kwa balozi, yaani balozi wa nyumba kumi, cheo kilichoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 na kurithiwa na CCM. Raia wa Kongo aliyepotewa na pasi yake huambiwa aende kwa balozi vilevile, naye hufika katika ubalozi mdogo wa nchi yake uliopo mjini Kigoma. Kisha wote wawili husikia redioni kwamba Rais amepokea hati za utambulisho za balozi mwenye mamlaka kamili. Neno ni moja, kazi ni tatu.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Latokana na balyoz la Kituruki, nalo lilitoka katika bailo, cheo cha mwakilishi wa Venice huko Istanbul. Tangu asili, basi, balozi ni msemaji wa aliyemtuma. Si liwali. Liwali wa zamani wa pwani alitawala watu kwa niaba ya Sultani. Balozi hamtawali yeyote katika nchi aliyopelekwa.

Kasoro ya kwanza ya matumizi yetu imo katika sifa "mdogo". Wanafunzi wengi hudhani kuwa balozi mdogo ni balozi aliyepungukiwa cheo, ambaye siku moja atakua. La hasha! Tofauti yao ni ya kazi. Balozi husema na dola kwa niaba ya dola. Balozi mdogo, au konseli, huwatazama raia wa nchi yake, pasi zao na biashara zao. Ndiyo maana Mikataba ya Vienna ni miwili: wa mwaka 1961 kwa mabalozi, na wa mwaka 1963 kwa makonseli. Kwa mji wa bandari kama Kigoma, unaotazamana na Kongo na ulio karibu na Burundi, konseli ana kazi nyingi, wala hana unyonge wowote.

Kasoro ya pili ni kulichukulia neno "kamili" kana kwamba lamaanisha "pasipo mpaka". Mkataba mwingine wa Vienna, wa mwaka 1969, wasema kwamba Rais, Mkuu wa Serikali na Waziri wa Mambo ya Nje hawadaiwi hati ya mamlaka wanapotia saini mkataba. Balozi kwa kawaida hudaiwa, ijapokuwa cheo chake chatangaza mamlaka kamili! Tena, mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ulihitaji kuridhiwa na nchi zenyewe baada ya saini. Ukamilifu, basi, ni wa jambo alilokabidhiwa mjumbe, hadi mwisho wa agizo lake, wala hauvuki hapo.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walimlinda kwa kuwa maneno aliyoyabeba hayakuwa yake. Mwalimu anayefundisha neno hili na aanzie hapo: amuulize mwanafunzi si kwamba balozi ni mkubwa kiasi gani, bali ametumwa na nani, kwa nani, na kwa jambo gani. Taifa lisilotofautisha mamlaka ya kukopeshwa na mamlaka ya mtu binafsi litakuja kuwatii wajumbe wake likimsahau aliyewatuma, naye ni wananchi.