Sampuli 210

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika Kapkatet mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, wasichana wa Kipsigis waliimba "Chemirocha" huku kinubi cha chepkong kikipigwa, sauti zote zikiingia kwa pamoja. Kilichochelewa kilicheleweshwa na mtu. Siku hizi, katika studio za Litein, Sotik na Bomet mjini, wimbo hujengwa tabaka kwa tabaka: kinanda leo, gitaa kesho, waimbaji watakapopata nafasi baada ya zamu ya chai. Hapo kompyuta nayo hupata mwanya wa kuchelewesha, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi anayeijua kazi yake.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta haipiti moja kwa moja. Kadi ya sauti huikata vipande 44,100 kwa kila sekunde, yaani sampuli, na kompyuta huzipokea kwa mafungu. Fungu hilo ndilo bafa. Bafa ya sampuli 1,024 ni milisekunde 23 za kungoja wakati wa kuingia, na karibu nyingine kama hizo wakati wa kutoka kwenda masikioni. Mwimbaji anayejisikia hivyo huanza kuburuta maneno, akadhani koo lake ndilo bovu. Bafa ikishushwa hadi 128, kungoja hupungua hadi milisekunde tatu hivi kila upande, ila laputopu iliyochoka hushindwa na kasi hiyo ikaanza kukwaruza. Kwa hiyo fundi huishusha wakati wa kurekodi na kuipandisha wakati wa kuchanganya. Kadi ikiwa na njia ya kumsikizisha mwimbaji bila kupitia kompyuta, huitumia. Hedifoni za bluetooth, ambazo nazo huchelewesha, hazigusi.

Hayo wengi wanayajua. Ninaloliheshimu zaidi ni lile linalofuata. Programu ya kurekodi inajua kwamba sauti mpya imefika imechelewa, na huirudisha nyuma kwa kiasi inachoambiwa na draiva ya kadi. Lakini draiva hazisemi kweli kila mara.

Fundi mmoja wa Litein, ambaye nimekaa pembeni yake akifanya kazi, haziamini mpaka azipime. Huchukua waya mfupi, akaunganisha tundu la kutolea sauti la kadi na tundu lake la kuingizia. Hucheza kliki moja, kavu, na kuirekodi kupitia waya huo kana kwamba ni mwimbaji. Kisha huikuza picha ya sauti kwenye skrini, tena na tena, mpaka mstari uliokuwa mnene unabaki nukta zilizopangana, akahesabu kutoka kliki ya kwanza hadi ile iliyorudi. Sampuli 210. Huandika kwenye daftari, huingiza nambari hiyo katika mipangilio ya programu, na kurekodi upya. Safari hii kliki mbili zinakaa pamoja, nukta juu ya nukta. Hata hivyo hurudia, na akibadilisha bafa hupima upya, kwa sababu jibu la jana huenda lisifae leo.

Sampuli 210 hazifiki milisekunde tano; ni kama kusikiliza gitaa ukiwa umesimama mita moja na nusu kutoka kwa mpigaji. Sauti moja pekee haitakushtua. Lakini sauti ya pili ikiimbwa kwa kuifuata ya kwanza, ya tatu ikaifuata ya pili, kosa hujilimbikiza, na kufikia ya tano konsonanti za kiitikio zimeshatawanyika.

Wala tatizo hili halikuzaliwa na kompyuta. Katika mashine za ukanda, kichwa cha kurekodia na cha kusikilizia vilitengana, na kwenye ukanda uendao sentimita 38 kwa sekunde, nafasi ya sentimita nne ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Ross Snyder wa kampuni ya Ampex, Marekani, alilitatua katika miaka ya 1950 kwa kukifanya kichwa cha kurekodia kicheze pia treki za zamani.

Baada ya kupima, yule fundi hufanya jambo ambalo vijana wengi wa kazi hii hawalithubutu: huacha upigaji ulivyo. Kericho ni mji uliotoa santuri za benga za kampuni ya Chandarana, na masikio ya huku yamelelewa na magitaa ya watu kama Kipchamba arap Tapotuk. Mpiga solo akivuta kidogo kabla ya kumjibu mwimbaji, kuvuta huko ni kwake, na kumsogeza hadi kwenye mistari ya programu ni kumharibia. Lakini fundi hawezi kujua ucheleweshaji upi ni wa mpigaji mpaka awe ameshauondoa wote wa mashine. Ndiyo maana kipimo cha waya hutangulia.

Nawe mwimbaji unayekwenda kurekodi, ukimkuta fundi amejiinamia na waya wake huku saa uliyoilipia inakwenda, usimharakishe. Na muda huo umlipe.