Mfano wa "Button" wa Arduino: mezani mzuri, shambani hautoshi

Leo sichambui kitabu. Nachambua mfano mdogo wa programu ambao karibu kila mtu aliyegusa Arduino ameupitia, ule unaoitwa "Button". Uliandikwa 2005, ukarekebishwa 2011, na hadi leo unakuja pamoja na programu ya Arduino. Mimi ni agronomu, siko mtu wa elektroniki. Lakini naandika juu TFC za umwagiliaji wa otomatiki ziko nyingi sasa, na wengine wanachukua mfano huo vile uko, wanaupeleka moja kwa moja ku pompi.

Tuanze na uzuri wake. Mfano unasema hivi: upande mmoja wa kitufe (buto) uende ku 5 V, upande wa pili ku pini 2, kisha rezistansi ya kilo-omu 10 itoke pini 2 mpaka GND. Ukibonyeza, pini inasoma HIGH. Ukiachilia, rezistansi inaivuta chini, inasoma LOW. Rezistansi hiyo ndiyo somo lenyewe. Ukiitoa, pini inaelea: haiko juu, haiko chini, na ukisogeza tu mkono karibu taa inaweza kuwaka. Kufundisha jambo hilo kwa vifaa vichache namna hiyo ni kazi nzuri. Mezani, sina neno.

Lawama ya kwanza ni kwamba mfano unatoa 5 V nje ya boksi. Chipu ATmega328P ya Arduino Uno iko na rezistansi zake za ndani, kati ya kilo-omu 20 na 50, na tangu 2012 tunaziwasha kwa neno moja, INPUT_PULLUP. Hapo kitufe kinakaa kati ya pini na GND, basi. Kusoma kunageuka: kilichobonyezwa ni LOW. Faida yake kubwa haiko bei ya rezistansi. Waya ya 5 V ikichubuliwa na jembe ikagusa GND, karti nzima inazimika. Waya ya pini ikigusa GND, karti inaona tu kama mtu amebonyeza. Lakini tusidanganyane: rezistansi ya ndani ni dhaifu. Waya ikiwa ya mita nyingi, ao maji yakiingia mu kitufe, ongeza nje rezistansi ya kilo-omu 2,2 ao 4,7 kati ya pini na 5 V, ndani ya boksi.

Lawama ya pili ni mdundo. Vyuma viwili vikigusana havitulii palepale, vinarukaruka kwa milisekunde chache. Kwa taa hakuna shida. Lakini pluviometri ya kikombe kinachopinduka nayo ni kitufe tu mbele ya karti. Kama kila mpinduko ni mm 0,2 na mguso mmoja ukahesabiwa mara tatu, umeandika mm 0,4 ya mvua ambayo haikunyesha, na hesabu yote ya maji ya mimea imeharibika. Kuko mfano mwingine, "Debounce", unaongoja milisekunde 50 kabla ya kukubali. "Button" ingefaa kumtuma msomaji kule.

Lawama kubwa nimeiweka mwisho: mfano hausemi kitu juu ya waya iliyokatika. Kwa kitufe cha kuwasha pompi, waya ikikatika pompi haiwaki. Umekosa maji, lakini hakuna hatari. Kwa kitufe cha kuzima ni kinyume. Unabonyeza, unabonyeza tena, karti haioni kitu, pompi inaendelea kufurika kitalu ao inazunguka bila maji mpaka inaungua. Dawa yake ni kitufe ambacho kimefungwa wakati wote na kinafunguka ukikibonyeza, kiwekwe kati ya pini na GND pamoja na rezistansi ya juu. Kawaida pini inasoma LOW. Ukibonyeza inapanda HIGH. Waya ikikatika pia inapanda HIGH. Programu iandikwe hivi: HIGH ni kusimamisha. Na kwa hatari ya kweli usitegemee programu, juu karti yenyewe inaweza kuganda. Kitufe cha dharura kikate umeme wa pompi bila kupitia karti.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: "Button" ni darasa la kwanza zuri, na kosa liko kwetu sisi tunaolichukua kama diploma. Wewe unayetayarisha TFC, kabla haujaenda mbele ya jury, ng'oa waya moja ya kitufe chako cha kuzima huku pompi inazunguka. Isiposimama, kazi haijaisha.