Maisha ya Mwanafunzi Ndani ya Tasnifu Yake: Tahakiki kwa Mifano ya Kilosa na Mikumi

Katika maandishi ya Kiswahili ipo aina moja ambayo huandikwa kwa wingi kila mwaka, husomwa na watu watatu au wanne, kisha huwekwa rafuni isitajwe tena. Aina hiyo ni tasnifu ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu. Riwaya zetu hupata wahakiki, na mashairi hali kadhalika. Tasnifu hupata alama tu. Hata hivyo tasnifu ni nathari, na nathari yoyote yaweza kuulizwa yasema nini, yanyamazia nini, na kwa sababu gani. Nakusudia kuiuliza hivyo katika makala haya. Mifano yangu nitaitoa katika Wilaya ya Kilosa na mji wa Mikumi ulio ndani yake, mahali ambapo mwanafunzi wa isimu au wa fasihi simulizi ana sababu njema ya kwenda.

Uandishi huu si mgeni kwetu. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi aliwasilisha chuoni hapo tasnifu yake ya uzamili, Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Miaka miwili kabla yake mwandishi huyo huyo alikuwa amekwisha kutoa riwaya ya Kichwamaji, ambayo mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Kazimoto twamjua kwa mashaka yake, mapenzi yake na mwisho wake. Bali mwanafunzi wa kweli, aliyeketi usiku kucha akiandika tasnifu, hatumjui hata kidogo, ijapokuwa kurasa zote ni zake.

Msomaji aifunguapo tasnifu ya namna hii hukutana kwanza na ukurasa wa shukrani. Hapo, na aghalabu hapo tu, husema mtu aliye hai. Humshukuru mama yake aliyemtafutia nauli, mwenyeji aliyempa chumba, mwenzake aliyemwazima kompyuta yake ilipoharibika. Tukifunua ukurasa, sauti hiyo hukatika. Katika sura ya mbinu za utafiti twaambiwa kuwa data zilikusanywa, watoa taarifa waliteuliwa, na mahojiano yalifanywa. Aliyekusanya, aliyeteua na aliyehoji hatajwi. Kisha huja aya moja fupi ya vikwazo: muda haukutosha, fedha zilichelewa, mvua ilinyesha, na papo hapo twahakikishiwa kuwa vikwazo hivyo havikuyaathiri matokeo.

Mimi nasema viliyaathiri, na kwamba kuvificha ni kasoro ya kitaaluma kabla ya kuwa kasoro ya mtindo. Wenye kuijua sarufi ya lugha yetu wataiona kasoro hii katika vitenzi vyenyewe. Tasnifu zetu zimejaa -li- pamoja na kauli ya kutendwa. Kiambishi -ka- ni nadra mno kuonekana ndani yake. Nacho -ka- ndicho kiungo cha masimulizi ya Kiswahili: hulifunga tendo la pili kwenye la kwanza, kikaonyesha utaratibu na mara nyingi sababu. Mtu akiandika kuwa mzee alihojiwa na maneno yakaandikwa, hajatuambia kitu. Akiandika, “Nilimwuliza kwa Kiswahili, akanyamaza, mjukuu wake akalirudia swali kwa lugha ya nyumbani, mzee akacheka, akanipa maneno mawili badala ya moja,” ametupa ushahidi. Twajua sasa kuwa yako maneno mawili, kuwa swali la Kiswahili halikuyafikia, na kuwa mjukuu bado aijua lugha ya babu yake.

Jambo hili lina uzito zaidi Kilosa kuliko mahali pengi. Humo mnasemwa Kikaguru, Kisagara na Kividunda, nazo zimezungukwa na lugha za watu waliokuja kwa sababu mbalimbali: wengine kwa reli ya kati, wengine kwa mashamba ya mkonge ya Kimamba na jirani zake, wengine kwa reli ya tawi iendayo Kidatu kupitia Mikumi. Wapo pia wafugaji Waparakuyo na mifugo yao. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwahamisha wakazi wengi wa mji wa Kilosa. Tangu 2024 treni ya umeme ya reli mpya hupita hapo ikielekea Dodoma. Mahali kama hapa, kuandika kuwa mtoa taarifa ni “mkazi wa Kilosa” ni kuandika jambo dogo sana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa mwaka wa tatu ashuka Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, akiwa na orodha ya maneno ya kuuliza na siku tisa za kukaa. Katika orodha yake limo neno “mvumo”. Jina la mji wenyewe husemwa kuwa latokana na mti huo, ambao wenyeji huuita mkumi. Siku ya kwanza amwuliza kijana auzaye matunda kituoni, naye ajibu, “Mkumi.” Siku ya saba apanda kwa taabu kwenda vijiji vya Wavidunda, amwuliza bibi kizee, naye ajibu vivyo hivyo, “Mkumi.” Katika jedwali majibu haya mawili ni sawasawa. Lakini la bibi ni ushahidi wa lugha. La kijana huenda likawa ushahidi wa jina la kituo cha basi tu, kwani yawezekana kijana mwenyewe alizaliwa Njombe. Kitofautishacho majibu hayo ni ile safari ya siku ya saba, nayo ndiyo iliyoachwa nje ya tasnifu.

Mfano wa pili ni “mjomba”. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama, T. O. Beidelman aliwaeleza pamoja na jirani zao katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya watu wa Tanzania ya mashariki wafuatao ukoo wa mama. Katika orodha ya mwanafunzi “mjomba” ni mstari mmoja, na jibu lake ni neno moja. Lakini tuseme kwamba, kabla ya kuruhusiwa kuzungumza na msimuliaji, binti yetu alipelekwa kwanza kwa mjomba wa msimuliaji huyo, akangoja nusu siku barazani. Basi maana ya neno ameipata kwa miguu yake. Alipokuja kuandika, aliiweka nusu siku ile katika fungu la vikwazo, kana kwamba ilimpotezea muda.

Mfano wa tatu ni utani, ambao Beidelman huyo huyo aliuandikia makala kwa habari za Wakaguru mwaka 1966. Mwanafunzi anayetoka katika kabila au ukoo ulio mtani wa wenyeji wake anaweza kujibiwa kwa mzaha, akaandika tusi la upole mahali palipotakiwa jina la kiungo cha mwili. Asiye mtani atajibiwa kwa adabu, na maneno mengine atafichwa. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini hayawezi kupimwa na msomaji asiyejua muulizaji alikuwa nani kwa wenyeji wake. Kadhalika yafaa ikumbukwe kuwa mwezi wa Desemba 2000 watu waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Katika wilaya yenye kumbukumbu kama hiyo, mgeni mwenye daftari aulizaye majina ya mabonde na malisho hataonekana kuwa mwanaisimu tu.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo madogo. Tuwatazame waliotutangulia. J. T. Last, mmisionari aliyekaa Mamboya katika nchi ya Wakaguru, alichapisha mwaka 1885 mkusanyo wa maneno na sentensi 250 katika lugha 48, na mwaka uliofuata sarufi ya Kikaguru. Guthrie, katika uainishaji wake, alikiweka Kikaguru pamoja na Kigogo katika kundi la G10, na Kividunda na Kisagara katika G30. Nurse na Philippson, katika makala yao ya mwaka 1980, waliilinganisha misamiati, wakakiweka Kikaguru na Kigogo ndani ya kundi pana la Ruvu. Ulinganisho wa namna hiyo husimama juu ya orodha za maneno. Orodha ikiwa na maneno ya kituoni yaliyochanganywa na maneno ya mlimani, lugha yaweza kuonekana jirani ya lugha isiyo jirani yake. Na mwenye kuja baadaye hana njia ya kusahihisha, kwa kuwa bibi kizee amekwisha kufariki na kijana wa kituoni amekwenda zake. Beidelman mwenyewe, aliyefanya utafiti Ukaguru katika miaka ya 1950, alitoa kitabu juu ya hali ya utawala wa kikoloni aliyoishuhudia huko mwaka 2012. Mwanafunzi wetu hatapata miaka 50 ya kuyarudia mambo yake. Ana tasnifu moja tu.

Ipo hoja nyingine yenye nguvu zaidi. Wasimamizi huchelea kwamba mlango ukifunguliwa, tasnifu zitageuka hadithi za safari, kila mmoja akisimulia mbu waliomwuma. Hofu hii ina haki yake. Sitaki mbu waingie katika tasnifu, wala foleni ya duka la kunakili, wala usiku wa mwisho kabla ya kujalidi nakala, ijapokuwa najua usiku huo ulivyo mrefu. Kipimo changu ni kimoja: lisimuliwe lile tu ambalo, kama lingalikuwa vingine, neno lililoandikwa lingalikuwa vingine. Mbu hawakulibadili neno. Mjukuu aliyetafsiri swali alilibadili. Fedha za mkopo zilizochelewa zililibadili, iwapo zilimfanya mwanafunzi aende wakati wa masika, wazee wako shambani, akabaki na wale waliokuwa mjini.

Kwa hiyo mambo matatu yatosha kwa kuanzia. Kwanza, kila neno au ngano ifuatwe na habari ya aliyeitoa: amekulia wapi, na kwa lugha gani aliulizwa, pasipo kulitaja jina lake kama hakupenda. Pili, sura ya mbinu iandikwe kwa nafsi ya kwanza na kwa masimulizi, si kwa kauli ya kutendwa peke yake. Tatu, msimamizi asikubali ile sentensi isemayo kuwa vikwazo havikuyaathiri matokeo, ila mwanafunzi aonyeshe neno kwa neno kuwa ni kweli.

Wala mzigo huu si mzito kwa mwanafunzi. Habari zote hizi anazo tayari katika daftari lake, na nyingine amekwisha kuziandika katika ukurasa wa shukrani. Yule “mwenyeji wangu wa Mikumi” anayeshukuriwa pale mbele kwa chakula na malazi, mara nyingi ndiye aliyekaa pembeni wakati wa mahojiano, akayafasiri maswali na kuyasahihisha majibu. Basi aletwe kutoka ukurasa huo, aingizwe katika sura ya tatu, aelezwe alifanya kazi gani.