Pongezi kwa Wacheza Ng'ombe wa Pemba

Upepo wa kaskazi ukishaingia na jua likaanza kuchoma, vijana wa Pemba huanza kuulizana: mwaka huu ng'ombe anachezwa wapi? Wingwi na Pujini ni miongoni mwa sehemu zilizojijengea jina kwa mchezo huu.

Wengi huunasibisha na Wareno, waliotamba pwani hii katika karne ya 16 na 17. Huenda ni kweli, lakini Wapemba wameufanya wao. Hispania fahali huishia kwa upanga. Pemba hakuna anayemuua. Dume hufungwa kamba, na mcheza humkabili bila silaha yoyote, mkononi ana kitambaa tu. Hukitikisa mbele ya pembe, dume likaja mbio, naye akakwepa kwa kupinda kiuno. Hapo zumari hupanda, ngoma hujibu, kina mama wakaimba kumsifu aliyesimama imara na kumsuta aliyekimbilia mtini. Jioni ng'ombe hurudi zizini kwa mwenyewe.

Anayestahili sifa si mcheza peke yake. Kuna wanaofyeka uwanja, wanaoshika kamba, wenye ng'ombe wanaokubali kuwatoa, na wapigaji. Ni moyo ule ule wa msaragambo unaosafisha barabara na visima vya vijiji hivi.

Wazee huuhusisha mchezo na kuomba mvua kabla ya masika. Basi, ili desturi hii isipotee, vijana na wajifunze zumari mapema, maana bila mpigaji hakuna mchezo.