Lukuga Ilikuwa Njia ya Miguu

Cameron hakupaswa kugeuza mitumbwi. Nalitamka hili mwanzoni ili asiyekubaliana nami ajue tunakoelekea. Mwanzoni mwa Mei 1874 Luteni Verney Lovett Cameron aliingia mlango wa mto Lukuga na mitumbwi yake miwili, Betsy na Pickle, akashuka na mkondo maili 4 au 5, akakuta mafunjo yameziba mto toka ukingo hadi ukingo. Akatazama, akapima, akageuza. Tarehe 9 alikuwa amerudi Ujiji. Mliosoma kitabu chake mnaukumbuka ukurasa huo, na mliokulia Kalemie hamhitaji kitabu, kwa sababu mahali penyewe mnapavuka kila siku kwenda sokoni.

Tuutazame uamuzi huo taratibu, maana kila anayeuandika huupita mbio. Mtu yule alikuwa mbele ya kitu gani? Toka Uvira kuja kusini, ukingo wa magharibi wa ziwa Tanganyika ni ukuta. Nyuma ya Uvira milima ya Itombwe inapita mita 3,000. Kusini, Marungu inasimama zaidi ya mita 2,000. Katikati ya ukuta huo pana mkato mmoja ambao maji ya Tanganyika yenyewe huutumia kutoka, nao uko usawa wa ziwa, kiasi cha mita 770 juu ya bahari. Atakaye kwenda mto Lualaba bila kupanda mlima hupita hapo. Tukisema njia ya kuvuka safu ya milima, wengi huwaza panda shuka, baridi na mawe. Yetu ni tambarare, imefunikwa matete, na kwa sababu hiyo mgeni huipita bila kuitambua.

Cameron hakuhitaji hata kukisia. Mtawala wa pale alimweleza kwamba watu wake wamekwisha kutembea kandokando ya mto kwa zaidi ya mwezi, hadi unapoingia Lualaba. Pima maneno hayo kama mtu wa safari. Yametaja namna ya kwenda, ambayo ni miguu. Yametaja upande wa kupita, muda na mwisho wa njia. Kirangozi yeyote wa Bagamoyo angepewa habari kamili kiasi hicho angefunga mzigo jioni ileile. Luteni alizipokea, kisha akaanza kuwaza jinsi ya kuyakata mafunjo ili mtumbwi upite.

Hapo ndipo penye kosa, nami sitaacha kulirudia. Alikuwa afisa wa jeshi la maji. Kwa zaidi ya mwezi mitumbwi ilikuwa imemtumikia vizuri kwenye nusu ya kusini ya ziwa, na alipofika Lukuga aliuona kama njia ya maji tu. Njia ya maji ilipoziba, kwake safari ilikuwa imekwisha. Lakini mkato wa milima haupimwi ukiwa umekaa ndani ya mtumbwi. Lazima ukione kizingiti chenyewe, yaani mahali ardhi inapobadili mteremko, kisha ujue nyuma yake bonde linashuka au linapanda, na njiani kuna vijiji vya kutoa posho au hakuna. Ndani ya mafunjo yaliyompita mtu kimo huoni hata moja kati ya hayo. Unaona mafunjo. Aliuhukumu mlango wa mlima akiwa mahali pekee ambapo mlima hauonekani.

Watetezi wake wana hoja, nami nimezisikia tangu shule. Wanasema mizigo mikubwa ilikuwa Ujiji. Ni kweli, na kwa posho ya mitumbwini asingefika Lualaba. Lakini nani alimdai mwezi mzima? Watu 10, posho ya siku 6, mitumbwi ikae mlangoni na walinzi wake. Mwendo wa siku 3 kushuka ukingoni, siku 3 kurudi. Angekuwa amekipita kizuizi, amesimama juu ya kilima, ameona maji yanakwenda wapi. Misafara ya pwani ilifanya hivyo kila mara, kutuma watu wepesi mbele kutazama maji na njia huku mizigo ikisubiri kambini.

Wanasema pia hakupata kiongozi wala mkalimani, na bila hao watu wake wasingemfuata. Hoja hii ina uzito kidogo, lakini kwa safari ya mwezi, si ya siku 3. Tena msafara wake ulikuwa chini ya Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kutembea na Burton na Speke, akaenda na Speke na Grant hadi Nile, akaja na Stanley hadi Ujiji. Hapakuwa na mtu katika sehemu hii ya Afrika aliyejua zaidi yake jinsi watu wenye hofu wanavyosogezwa kituo kimoja mbele. Katika habari za Lukuga simuoni Bombay akiulizwa lolote.

Na hapa lazima niwarudie wale wawili ninaowarudia kila mara, mnisamehe wasomaji wa zamani. Oktoba 1873, miezi michache kabla ya Lukuga, Cameron alikuwa Unyanyembe wakati Abdullah Susi na James Chuma walipofika na mwili wa Livingstone toka Chitambo. Akawashauri wauzike palepale, kwa kuwa njia ya pwani ni mbaya. Ushauri wa kugeuza, huohuo. Susi na Chuma walikataa. Walipozuiliwa mbele, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao, waliufunga upya ule mwili kama mtumba wa nguo na kueneza habari kwamba maiti imerudishwa nyuma. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Mwezi huohuo Cameron aliingia Ujiji. Kwa hiyo ninapopima kazi ya Lukuga siipimi kwa mizani ya leo. Naipima kwa watu aliokutana nao ana kwa ana, waliomwonyesha kizuizi kinashughulikiwaje.

Kwa mengine simlaumu Cameron: vipimo vyake vya nyota, ramani ya kusini mwa ziwa, na hesabu ya mito 96 inayoingia dhidi ya mmoja unaotoka, vyote ni kazi safi.

Lakini kazi safi isiyokamilika huzaa ugomvi. Julai 1876 Stanley alifika na mashua yake, Lady Alice, katika mzunguko wake wa ziwa wa siku 51, akatembea ukingoni, akatangaza kwamba Lukuga bado si mlango wa kutokea, ila utakuwa mlango muda si mrefu kwa kuwa ziwa linapanda. Mabwana wa jiografia kule London wakagawanyika. Miaka ikapita katika ubishi ambao mwendo wa siku 3 mwaka 1874 ungeupunguza sana. Nionavyo mimi wote wawili walisema kweli nusu. Mchanga, matope na mizizi ya mafunjo vilikuwa vimejenga boma kwenye kizingiti. Ziwa lilikuwa likipanda nyuma yake. Mwezi wa Mei, mwisho wa mvua, maji yalipenya. Julai, kiangazi, yalikuwa yamelegea. Karibu mwaka 1878 boma likavunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10. Edward Hore wa misheni ya London, naye mtu wa merikebu, alifika 1879 akakuta mto unatoka kwa nguvu.

Aliyefanya kilichopaswa kufanywa ni Joseph Thomson. Alikuwa na umri wa miaka 21, mkubwa wake Keith Johnston amekwisha kufa Behobeho, na msafara ukitegemea uzoefu wa Chuma, yuleyule Chuma. Thomson alimwachia Chuma kambi kuu kusini mwa ziwa, akaja Lukuga na watu wachache wepesi, na mapema 1880 akashuka na bonde kwa miguu. Aliuona mto ukiipasua milima. Hakufika Lualaba, kwa kuwa nchi ya Warua iliwatisha watu wake na ikabidi arudi, lakini mkato alikuwa ameuvuka na swali lilikuwa limekwisha. Hakuwa na chombo cha ajabu kuliko Cameron. Alikuwa amewaacha wazito kambini, basi.

Baadaye kila aliyekuwa na jambo zito la kupitisha alipita hapohapo. Reli ya Kabalo, kilomita 273, iliyomalizika 1915, imelala kwenye bonde hilo. Zile boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, mwaka huohuo zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai, kazi ya mateso, lakini kipande cha mwisho hadi ziwani zilikuja juu ya reli kupitia mkato wa Lukuga. Na leo, treni isipokuja, wanaume wetu husukuma baiskeli toka upande wa Nyunzu na Niemba, gunia la makaa au la muhogo juu ya kiti, fimbo imefungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa pembeni. Waulizeni hao mahali bonde linapobana na mahali udongo unapoteleza baada ya mvua. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za watu, wataalamu wa mradi mmoja waliletwa kukitazama kizingiti cha Lukuga. Walikitazama toka kwenye boti yenye mashine, wakapiga picha za majani, wakarudi hotelini kabla ya saa 8. Niliwaomba washuke watembee na watu wa baiskeli nusu siku tu. Hawakushuka.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko lile la mtumbwini, ingawa wachambuzi hulitaja kwa nusu sentensi. Mwezi uleule wa Mei Cameron alivuka ziwa tena, safari hii na mizigo yake yote, na hoja ya posho haikuwepo. Alitua upande wa Kasenge, katika Uguha, mwendo mfupi kaskazini mwa mlango aliouacha. Angeweza kushuka kusini, akaanza na ukingo wa mto, akampitia yule mtawala aliyempa habari. Badala yake akashika njia ya wafanyabiashara, akapanda milima aliyokuwa na tundu lake karibu, akapita Manyema hadi Nyangwe. Agosti alikuwa kando ya Lualaba akiomba mitumbwi, na hakuna aliyekubali kumuuzia. Ikambidi ageuke kusini, nchi kavu, hadi akatokea bahari ya magharibi Novemba 1875, Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati toka mashariki. Lukuga aliichora kwenye ramani yake kama mto aliouona mlango tu, na mstari wa kuufikisha Lualaba aliuweka kwa kutegemea maneno ya wenyeji ambao hakukubali kutembea nao.