Masharti ya Kukariri

Upo ushauri unaorudiwa katika vitabu vingi vya kumwandaa mtahiniwa kwa mtihani wa kusema Kiingereza: kwamba kila ajibupo apenyeze walau sentensi moja ya masharti, kama vile "If I had money, I would build a school", kwani mtahini akiisikia atampandishia alama. Ushauri huu una chembe ya ukweli, na ndiyo maana unapotosha.

Tuchukue mtihani wa IELTS, ulioanza mwaka 1989. Sehemu yake ya kusema huchukua dakika 11 hadi 14. Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa maelezo, msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Basi sarufi ni robo tu, na robo hiyo haitaki upana peke yake, yataka na usahihi. Mtu aliyeulizwa anaishi wapi hana haja ya kueleza angekuwa tajiri angeishi wapi. Akifanya hivyo, ameukata mtiririko wake mwenyewe. Lakini akiulizwa mji wake ungekuwaje kama magari yangepigwa marufuku, hapo masharti yamejileta yenyewe.

Kosa kubwa zaidi la vitabu hivyo ni kumfundisha Mswahili jambo hili kana kwamba ni geni kwake. Mtoto asemaye "Ningekuwa ndege ningeruka" ameshaimiliki fikra hiyo. Sisi hutofautisha "nikipata", "ningepata" na "ningalipata", ingawa siku hizi wengi huzichanganya hizo mbili za mwisho. Kinachotukwaza si fikra, bali umbo. Kiswahili huweka "nge" pande zote mbili za sentensi. Kiingereza sanifu huweka "would" upande mmoja, na upande wa "if" hutumia kitenzi cha wakati uliopita, ijapokuwa jambo lenyewe halijapita. Ndipo mwanafunzi wetu anaposema "If I would have money, I would build". Ameifuata lugha yake kwa uaminifu. Mwalimu akimwonyesha tofauti hiyo, atajirekebisha. Kitabu cha kukaririsha hakimwonyeshi. Humpa sentensi nyingine kumi ameze.

Wala jambo hili si la alama tu. Baadhi ya wafanyao mtihani huu ni wauguzi wanaotaka kusajiliwa Uingereza. Muuguzi amwambiapo mgonjwa "maumivu yakizidi, niite", anasema jambo linalotazamiwa, nalo kwa Kiingereza ni "If the pain gets worse, call me". Aliyezoeshwa kuchomeka "would" kila mahali kama pambo anaweza kumwachia mgonjwa dhana kwamba jambo hilo ni la kuwaziwa tu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, kabla ya kumpa mwanafunzi sentensi, tumpe swali: jambo unalotaka kulisema ni la kweli, linatazamiwa, au ni la kuwazia? Akishajua jibu kwa Kiswahili, tumwonyeshe Kiingereza kinaliwekaje. Mtahini husikiliza watu wengi, na si vigumu kwake kutambua sentensi iliyokaririwa. Sentensi iliyozaliwa na haja ya kusema jambo, hata ikiwa na kasoro ndogo, hubaki kuwa mali ya msemaji.