Ridhaa ya Nani? Uhakiki wa Upigaji Picha wa Ridhaa Lushoto na katika Jumuiya za Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Neno ridhaa lina matumizi mawili katika Kiswahili cha leo. Kwanza, hutaja kukubali kwa hiari, kama inavyosemwa ridhaa ya wazazi au ridhaa ya mgonjwa kabla ya kufanyiwa upasuaji. Pili, hutaja shughuli inayofanywa kwa mapenzi ya mtendaji bila kutarajia malipo. Ndiyo maana kuna mchezaji wa ridhaa, ndondi za ridhaa na, kwa kufuata mkondo huohuo, mpiga picha wa ridhaa. Matumizi haya mawili yana shina moja, kwani kinachosisitizwa katika yote ni hiari. Hata hivyo, katika upigaji picha matumizi hayo hugongana. Mpiga picha wa ridhaa anajulikana kwa hiari yake mwenyewe, ilhali hiari ya anayepigwa picha haimo katika jina hilo wala, mara nyingi, katika tendo lenyewe.

Makala haya yanahakiki mgongano huo kwa kurejelea Lushoto na Milima ya Usambara, eneo ambalo limevutia kamera tangu enzi ya ukoloni wa Kijerumani. Hoja inayojengwa ni kwamba jumuiya za mtandaoni za wapenzi wa picha zimeweka utaratibu makini wa kulinda haki ya mpiga picha, na baadhi ya jumuiya za wapenzi wa viumbe zimeweka utaratibu makini wa kulinda makazi ya kinyonga. Mtu aliyemo ndani ya picha, hasa mtoto wa kijijini, ameachiwa dhamiri ya aliyeshika kamera.

2.0 Mpiga Picha wa Ridhaa katika Nadharia

Kazi ya msingi kuhusu suala hili ni ile iliyoongozwa na Pierre Bourdieu, Un art moyen, iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1965. Kwa mujibu wa kazi hiyo, upigaji picha wa watu wa kawaida hutumikia familia kwanza. Picha hupigwa katika harusi, ubatizo na mikusanyiko ya ndugu ili kuthibitisha umoja wa kundi. Katika kazi hiyohiyo, Robert Castel na Dominique Schnapper wanachunguza vilabu vya wapiga picha na kuonesha kwamba mwanachama wa klabu hujitambulisha kwa kujitenga na matumizi hayo ya kifamilia. Anataka picha yake ihukumiwe kwa mwanga, mpangilio na ufundi.

Uchambuzi huu unaeleza mengi kuhusu Lushoto ingawa haukuandikwa kwa ajili yake. Mpenzi wa picha anapoiona picha ya harusi au ya kipaimara kuwa kazi ya kawaida mno, hulazimika kutafuta mada nje ya ukoo na ujirani wake. Katika njia ya kutoka Soni kwenda Lushoto, au katika vijiji vya Mtae na Mlalo, mada hiyo huwa mama aliyebeba mzigo wa kuni, mzee aliyeketi kizingitini au mtoto aliyesimama ukingoni mwa njia. Hao ni watu asiofungamana nao kwa undugu wala kwa deni. Hivyo basi, kuikataa picha ya familia hakuleti tu mtindo mpya wa sanaa, bali kunampeleka mpiga picha kwa mtu asiyemjua.

Susan Sontag, katika On Photography ya mwaka 1977, analiona tendo la kupiga picha kuwa na sura ya ushambuliaji, na analifananisha na matumizi ya silaha. Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kuikubali hoja hiyo haraka kwa sababu lugha yake husema kupiga picha. Ushahidi huo wa kiisimu, hata hivyo, ni dhaifu. Kitenzi piga hushirikiana na nomino nyingi bila kubeba maana ya kudhuru: kupiga simu, kupiga pasi, kupiga magoti, kupiga hodi. Mfano wa mwisho ndio wenye manufaa zaidi kwa mjadala huu. Anayepiga hodi hujulisha kuwa amefika, kisha husubiri. Asipokaribishwa, mila inamtaka aondoke. Lugha iliyompa mpiga picha kitenzi chake ndiyo hiyohiyo iliyompa kipimo cha adabu yake.

3.0 Malipo kama Uthibitisho wa Ridhaa

Ili kuona kilichobadilika, ni muhimu kuangalia upigaji picha uliotangulia mitandao. Katika pwani ya Afrika Mashariki, studio zilikuwa taasisi za mtaani. Capital Art Studio ya Zanzibar ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na huko Lamu Omar Said Bakor alijipatia umaarufu kwa picha zake za studio. Heike Behrend, katika Contesting Visibility ya mwaka 2013, amechambua pia kazi ya wapiga picha waliokuwa wakisubiri wateja kando ya kivuko cha Likoni, Mombasa. Huko bara, wapiga picha wa stendi, wa sikukuu na wa picha za pasipoti walifuata biashara ya namna hiyohiyo.

Katika biashara hiyo, anayepigwa picha ndiye mteja. Yeye huamua kuja, huchagua nguo na pozi, hulipa na huondoka na nakala. Akiichukia picha, hudai ipigwe upya. Ridhaa yake haikuhitaji fomu kwa sababu ilikuwa imo ndani ya malipo. Mpiga picha wa ridhaa ameondoa malipo hayo, na kwa kuyaondoa ameondoa pia mazungumzo yaliyoambatana nayo. Hapa ndipo penye kinaya cha jina lake. Mpiga picha wa kulipwa alifanya kazi kwa ridhaa ya mteja, ilhali mpiga picha wa ridhaa anaweza kufanya kazi bila ridhaa ya yeyote isipokuwa yake.

Haimaanishi kwamba malipo ndiyo njia pekee ya kuheshimiana. Picha za studio nazo zilikuwa na mipaka yake, kwa kuwa asiye na fedha hakupigwa picha kabisa. Linalosisitizwa hapa ni kwamba utamaduni wa hobi umerithi kamera kutoka studio bila kurithi utaratibu wa makubaliano uliokuwa ukiizunguka.

4.0 Usambara Iliyotazamwa kutoka Nje

Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal wakati wa utawala wa Kijerumani, haikuanza kupigwa picha na watalii wa leo. Mnamo Desemba 2008, Bundesarchiv, hifadhi kuu ya nyaraka ya Ujerumani, ilikabidhi zaidi ya picha 80,000 kwa Wikimedia Commons, ghala la picha huria linaloendeshwa na watu wa kujitolea. Miongoni mwake zimo picha za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilizopigwa na Walther Dobbertin. Dobbertin alikuwa mpiga picha wa kazi, lakini picha zake sasa zinatunzwa, kupangwa na kuelezwa na jumuiya ya wapenzi wasiolipwa.

Kila picha ya mkusanyo huo huambatana na tahadhari kwamba maelezo ya asili yamehifadhiwa kama yalivyo, na huenda yakawa na makosa, upendeleo au mtazamo uliopitwa na wakati. Tahadhari hiyo ni ya haki, lakini inahusu maneno tu. Waliomo katika picha hizo wengi hawana majina, na hakuna tahadhari inayoweza kuwarejeshea nafasi ya kukubali au kukataa. Aidha, maelezo ya asili yaliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo wajukuu wa waliopigwa picha wengi hawaisomi.

Mtazamo huo wa nje haujatoweka katika picha mpya. Ukingo wa Irente ni mfano wa wazi. Picha nyingi za Lushoto zinazosambazwa mtandaoni hupigwa kutoka kwenye mwamba huo, zikitazama chini kuelekea Mazinde na nyika iliyo mbele yake. Mandhari hayo yanastahili kupendwa. Hata hivyo, yanapopigwa kwa pembe ileile na kusifiwa kwa maneno yaleyale, picha huacha kumfundisha mtazamaji jambo jipya kuhusu Shambaai. Hubaki uthibitisho kwamba mpiga picha naye amefika. Mashamba ya mbogamboga, matuta ya kuzuia mmomonyoko na watu wayatunzao huwa mapambo ya safari hiyo.

5.0 Leseni, Kinyonga na Mtoto

Jumuiya za mtandaoni hazikosi maadili. Tatizo ni mahali maadili hayo yalipoelekezwa. Mfano wa kwanza ni leseni huria za Creative Commons. Leseni hizo humwezesha mpiga picha kueleza kwa usahihi ni nani anaweza kuitumia kazi yake, na kama jina lake litajwe. Zikishatolewa hazibatilishiki. Lakini kinachoruhusiwa na leseni hiyo ni hakimiliki ya mpiga picha. Wikimedia Commons wenyewe wanakiri tofauti hiyo katika mwongozo wao kuhusu picha za watu wanaotambulika, na wanamtaka anayepakia picha azingatie sheria ya nchi husika. Kwa hiyo mtoto wa Rangwi anaweza kuingia katika tangazo la biashara lililotengenezwa London, jina la mpiga picha likatajwa kama leseni inavyodai, na jina la mtoto lisijulikane na yeyote.

Mfano wa pili ni iNaturalist, jumuiya ya wapenzi wa viumbe iliyoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingineko duniani, wakiwemo wa jenasi ya Kinyongia, ambao biashara yao inadhibitiwa chini ya Kiambatisho II cha mkataba wa CITES. Picha yenye majiranukta sahihi inaweza kumwelekeza mtoroshaji hadi kwenye mti. Kwa kutambua hatari ya namna hiyo, iNaturalist huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Alama ya ramani huhamishiwa kwenye nukta ya kubahatisha ndani ya eneo la nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani takribani kilomita 22 kwa 22 karibu na ikweta. Tanzania nayo ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Utaratibu wa jumuiya na sheria ya nchi vilielekea upande mmoja.

Jumuiya hizi mbili zina malengo tofauti, na si haki kuilaumu moja kwa kutofanya kazi ya nyingine. Hata hivyo, kuzilinganisha kunafichua jambo. Pale wapenzi wa hobi walipokubaliana kwamba kuna kiumbe anayeweza kudhurika kwa picha, walibuni kinga inayofanya kazi bila kutegemea busara ya mtu mmojammoja. Kwa uso wa mtoto unaoambatana na jina la kijiji chake, kinga ya namna hiyo haijabuniwa. Kukosekana kwake hakuwezi kuelezwa kwa ugumu wa kiufundi. Kunaeleza zaidi namna picha ya mtoto wa kijijini inavyosomwa: kama mandhari, kama mwanga mzuri usoni, kama ushahidi wa kipaji cha mpiga picha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Sheria hiyo ni hatua muhimu, lakini haiwezi kumfikia kila mwenye simujanja, sembuse mgeni aliyekwisha kurudi kwao. Ndiyo maana swali la maadili ya jumuiya linabaki pale pale.

6.0 Pingamizi na Majibu Yake

Inaweza kudaiwa kwamba kudai ridhaa ya kila anayepigwa picha kutaua picha ya papo kwa papo, ambayo uzuri wake umo katika kutotayarishwa. Pingamizi hili lina uzito. Sokoni siku ya gulio, hakuna awezaye kuomba ruhusa ya watu mia. Lakini kuna tofauti kati ya umati na uso mmoja uliosogezwa karibu kwa lenzi. Vilevile, hodi inaweza kupigwa baada ya kamera. Mpiga picha anaweza kuonesha picha, kuuliza, na kuifuta akikataliwa. Kinachopotea hapo ni picha moja.

Pingamizi la pili ni kwamba uhakiki huu unamwona mpiga picha wa ridhaa kama mgeni daima, ilhali vijana wa Lushoto wenyewe sasa wanapiga na kusambaza picha za kwao. Ni kweli, na ukweli huo unaleta matumaini zaidi kuliko sheria. Anayempiga picha jirani yake atakutana naye kesho kisimani au kanisani au msikitini, na ataulizwa. Uwajibikaji huo ni aina ya makubaliano ambayo studio iliyapata kwa malipo. Hatari ni kijana huyo kujifunza kuitazama Shambaai kwa jicho la wanaomsifu kutoka mbali. Uraibu, neno ambalo limetumika kwa maana ya hobi na pia kwa maana ya kushindwa kujinasua, linamfaa anayepiga picha ileile ya Irente kwa sababu ndiyo iliyopendwa mara ya mwisho.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mgongano wa maana mbili za ridhaa una historia, kuanzia studio ambako mteja alikubali kwa kulipa, hadi mtandaoni ambako leseni hulinda hakimiliki ya mpiga picha pekee. Mfano wa vinyonga unathibitisha kwamba jumuiya za hobi zina uwezo wa kubuni kinga ya pamoja pale zinapoona kuna wa kulindwa. Kwa msingi huo, yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, jina la kijiji lisiambatane na uso wa mtoto anayetambulika. Pili, maelezo ya picha za Usambara, mpya na za zamani, yaandikwe pia kwa Kiswahili na Kishambaa, ili wanaohusika waweze kuyasoma na kuyapinga. Tatu, anayepigwa picha apewe nakala, na aelezwe kabla picha haijapewa leseni isiyobatilishika. Uhakiki wa sanaa ya picha katika Kiswahili nao hauna budi kupanua vigezo vyake. Pamoja na kuuliza kama picha ni nzuri, uulize aliyemo ndani yake alijua nini ilipopigwa, na kama aliwahi kuiona.